Nani Alimwona Baroka Akizuia Reli?
Uchambuzi wa swali moja la Kidato cha Tatu, Dodoma

Kisa hiki kimetokea katika sekondari ya kutwa nje kidogo ya jiji la Dodoma, upande ambao honi ya treni inasikika hadi darasani. Shule siitaji, na wahusika nitawataja kwa nafasi zao tu. Yupo Madam, mwalimu wa Kiingereza wa Kidato cha Tatu B. Yupo mwanafunzi aliyeuliza swali, ambaye nitamwita binti wa dirishani kwa kuwa ndiko anakokaa. Na yupo mwalimu wa taaluma, mwenye kazi ya kuhesabu mada zilizokwisha na zilizobaki. Mimi nafundisha somo hilohilo mkondo wa A na tunatumia ofisi moja na Madam. Kwa hiyo mengine niliyaona na mengine nimesimuliwa. Pale niliposimuliwa nitasema, na sababu ya kuwa mwangalifu hivyo itaonekana mbele.

Kitabu kilichokuwa kinasomwa ni The Lion and the Jewel, tamthiliya ya Wole Soyinka wa Nigeria, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne nchini wamepitia wakijiandaa na mtihani wa taifa. Ilichezwa Ibadan mwaka 1959, ikachapwa kitabu mwaka 1963, na mwaka 1986 mwandishi akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Ina sehemu tatu: Asubuhi, Mchana na Usiku. Kijijini Ilujinle kuna Sidi, binti mrembo ambaye picha zake zimetoka kwenye jarida la mjini. Wanaume wawili wanamtaka. Lakunle ni mwalimu wa shule, ana suti iliyochakaa na maneno makubwa, na hataki kutoa mahari kwa madai kwamba mahari ni ushenzi. Baroka ni Bale, mtawala wa kijiji, ana miaka 62 na nyumba iliyojaa wake. Mwisho Baroka ndiye anayempata Sidi, kwa kueneza uongo kwamba nguvu za kiume zimemwisha.

Siku ya tukio Madam alikuwa anatoa notisi. Mwalimu anasoma polepole, watoto wanaandika, hakuna anayeinua kichwa. Dhamira, wahusika, ujumbe, uhalisia. Kila kimoja na hoja zake, kila hoja na mfano wake. Walikuwa wamefika kwenye mgongano wa mila na usasa. Hoja ya kwanza: Baroka anapinga maendeleo. Mfano: alimhonga mzungu mpima ardhi ili reli isipite kijijini. Hoja hii nimeikuta katika kila kitini cha steshenari nilichowahi kukishika, na mara nyingine hata makosa ya tahajia ni yaleyale.

Binti wa dirishani akanyoosha mkono. Alianza kwa Kiingereza, akakwama kwenye neno la tatu, wenzake wakaanza kuguna. Akasema, “Madam, samahani, naomba niulize kwa Kiswahili.” Akaruhusiwa, ingawa sheria ya shule inataka Kiingereza kitupu hadi kengele ya mwisho. Akauliza:

“Hiyo habari ya reli tunaambiwa na Lakunle, na Lakunle aliambiwa na baba yake. Sasa nani alimwona Baroka?”

Madam akajibu, “Hilo haliko kwenye notisi. Kaa, unatuchelewesha.” Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, “Wakili wa Baroka huyo!” Darasa likacheka, na imla ikaendelea na hoja ya pili.

Hapo nasimuliwa. Nilichokiona mwenyewe ni Madam akiingia ofisini na kuweka chaki mezani kwa nguvu kuliko kawaida. “Yule mtoto ananipima,” alisema.

Kabla ya kusema nani alikosea, tuliangalie swali lenyewe, maana maswali hayalingani uzito. Kuna la kupoteza muda, kuna la kujionyesha, na kuna linalomlazimisha kila mtu kufungua kitabu. La binti lilikuwa la aina ya mwisho, na lilikuwa na makali kuliko alivyojua mwenyewe.

Habari ya reli iko katika sehemu ya Mchana. Sadiku, mke mkubwa wa Baroka, amekuja kumposa Sidi kwa niaba ya mumewe. Sidi amekataa posa, akakataa na mwaliko wa chakula cha jioni kwa Bale. Lakunle amesimama palepale, na ndiye anayeanza kueleza ubaya wa Baroka. Anasema reli ilikusudiwa kupita pembezoni mwa Ilujinle. Wafungwa walikuwa wanafyeka njia chini ya mpimaji mzungu, na biashara, ustaarabu na umaarufu vilikuwa mlangoni. Baroka akatokea na hongo yake, fedha na mifugo, na ghafla mpimaji akagundua kwamba udongo wa pale haufai kubeba reli. Lakunle amejuaje? Baba yake alimwambia kabla ya kufa, na anasisitiza kwamba wanaoijua hila ile ni wachache.

Kinachofuata ndicho ambacho vitini havikitaji kabisa. Akiisha kumshtaki Baroka, Lakunle anapotelea kwenye ndoto zake. Anatamani naye angeishi vile, awe na wake wengi wa kulalia, na anakisia kwamba Bale lazima ana ratiba ya zamu, kama ratiba yake ya shuleni, ili kila mke apate haki yake. Msomaji makini anatakiwa asimame hapo. Shahidi hakuwepo tukio lilipotokea. Anagombea mwanamke mmoja na mshtakiwa. Na kabla jasho la ushahidi wake halijakauka anakiri kwamba anamwonea wivu.

Haimaanishi kwamba Lakunle anadanganya. Inamaanisha kwamba mtu anayenukuu maneno yake kama ukweli uliothibitishwa ana kazi ya kufanya kwanza, na vitini vimeiruka kazi hiyo.

Nilimuuliza binti baadaye swali amelitoa wapi. Hakutaja kitabu wala video yoyote ya kufundisha fikra tunduizi. Alisema babu yake aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata, mabaraza haya yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, na kila mtu anapoleta shauri nyumbani, hata la mbuzi aliyeingia shambani, babu anauliza jambo moja kabla ya yote: uliona au uliambiwa? Na kama uliambiwa, aliyekuambia ana ugomvi gani na mwenye mbuzi? Binti amekulia kwenye maswali hayo. Alichofanya ni kuyaingiza kwenye kipindi cha Kiingereza, mahali ambapo hakuna mtu aliyetarajia kuyasikia.

Alikuwa pia na bahati. Nakala za kitabu ni chache, watoto wanapokezana, na usiku ule ilikuwa zamu yake kwenda nacho nyumbani. Wenzake wengi walikuwa hawajawahi kufika sehemu ya Mchana. Walikuwa wanaandika hoja za kitabu ambacho hawajakisoma, na mtu hawezi kuuliza chochote cha maana juu ya hoja ambayo hajaona ilikotoka.

Sasa kwa nini alijibiwa vile? Jibu la haraka ni kwamba Madam ni mkali. Si kweli. Namfahamu, ni yeye anayebaki na watoto hadi saa kumi akisahihisha insha bila kulipwa hata nauli. Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya sabini, kipindi ni dakika arobaini, na mtihani wa kidato cha nne unadai insha yenye hoja na mifano kutoka kwenye kitabu zaidi ya kimoja. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, mkono ulionyooshwa unauona kama dakika tano zinazoondoka.

Wenzangu ofisini walileta maelezo mengine. Mmoja alisema tatizo ni lugha: mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili unampa tamthiliya ya Kiingereza kilichojaa kejeli, unategemea aulize nini? Kuna ukweli humo, lakini kisa chenyewe kinampinga. Binti alikuwa ameisoma ile sehemu na kuielewa vizuri kuliko kitini. Lugha ilimkwamisha kwenye kuuliza. Kwenye kufikiri hakukwama. Kama Madam angemkatalia Kiswahili, swali lingefia mdomoni na sisi tungesema darasa halina watoto wanaofikiri. Sheria ya Kiingereza kitupu ina faida zake, lakini kwa maoni yangu saa ya kuuliza iachwe wazi. Mtoto aulize kwa lugha inayolibeba swali, kisha darasa zima lisaidiane kuliandika kwa Kiingereza ubaoni. Hapo somo la lugha linapatikana pia, tena kwa kitu wanachokitaka.

Mwalimu mwingine, mzee wetu anayekaribia kustaafu, alisema ni adabu. “Mtoto kumwambia mkubwa ‘nani aliona’ ni sawa na kumwambia anadanganya.” Wengine walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu nadhani alikuwa amegusa kiini bila kukusudia.

Angalia sentensi ilivyosafiri. Kitabuni ni Lakunle anayesema: Baroka alihonga. Kwenye kitini jina la Lakunle limeondoka, imebaki: Baroka alihonga. Madam anaisoma kwa sauti yake, na sasa anayeshuhudia ni Madam. Binti anapouliza nani aliona, kichwani mwake anamhoji Lakunle, lakini masikioni mwa darasa, na mwa Madam mwenyewe, anamhoji mwalimu. Notisi zimemvisha mwalimu ushahidi wa mtu mwingine. Kila swali juu ya kitabu linageuka kuwa changamoto kwa mamlaka yake, na mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya watu sabini atajitetea. Adabu ya mtoto haikuwa na kasoro. Sentensi ndiyo ilikuwa imepoteza mwenyewe.

Hili ndilo ninaloliona kuwa tatizo halisi, na linaenda mbali kuliko kitabu hiki. Kwenye fasihi ya Kiswahili tunafanya vilevile: mhusika mlevi anasema jambo ukurasa wa kumi, kwenye notisi linakuwa ujumbe wa mwandishi. Tunawaambia watoto wafikiri, huku tumewapa sentensi ambazo hazina mtu wa kuulizwa.

Nilimwambia Madam afungue sehemu ya Mchana tukiwa bado na chai. Alisoma kurasa mbili, akasoma na ile ndoto ya Lakunle, akacheka peke yake. Kisha akasema wazi kwamba alipoulizwa hakuwa na jibu, na mara ya mwisho kukisoma kitabu chote ni akiwa chuoni. Nadhani walimu wengi tuko hapo. Tunafundisha kutoka kwenye notisi za notisi.

Wiki iliyofuata alitoa kopi za kurasa zile steshenari, kwa fedha yake, na kuziweka moja kwa kila dawati. Alinikaribisha nikae nyuma. Akaandika swali la binti ubaoni kwa Kiswahili, akawapa dakika kumi waliweke kwa Kiingereza, wakafika kwenye sentensi fupi inayoeleweka. Halafu akatangaza sheria moja: anayesema, aseme ukurasa gani na nani anasema.

Kijana aliyemwita binti wakili wa Baroka ndiye aliyeanza, na alikuja na hoja ngumu. Alisema hii ni tamthiliya, si riwaya. Maelekezo ya jukwaani yanaonyesha tukio la reli likiigizwa: wafungwa wanaonekana, mpimaji anaonekana, hongo inaonekana. “Sisi watazamaji tumemwona Baroka kwa macho yetu. Hatumhitaji Lakunle.” Nilitamani kupiga makofi. Kuutambua upekee wa jukwaa ni jambo ambalo wanafunzi wa kidato cha tano huchelewa nalo.

Binti akamjibu kwamba igizo lile linaanza Lakunle akiwa anasimulia, na linaisha kabla hajaendelea kuongea. Tunachokiona ni picha ya maneno yake. Mwingine akatoa mfano wa Asubuhi, pale kijiji kizima kinapoigiza kwa ngoma siku msafiri mwenye kamera alipofika kijijini. Pale waliopo waliiona siku yenyewe, na Baroka mwenyewe anaingia katikati ya mchezo. Kwenye reli hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Mjadala ukachemka. Madam alikaa pembeni ya meza na hakusema neno kwa muda mrefu, jambo ambalo kwake ni gumu.

Kisha mtu akauliza: mbona basi Ilujinle haina reli? Kitu fulani lazima kiliizuia. Hapo niliomba nafasi na kuwaambia kwamba reli ya kutoka Lagos ilifika Ibadan mwaka 1901, kwa hiyo mzee wa kizazi cha baba yake Lakunle angeweza kabisa kuona wapimaji wakipita nchi ya Wayoruba. Hadithi ya baba inawezekana. Darasa likaanza kuelekea mahali pazuri: kitendo kinaweza kuwa kweli, lakini sababu ya kitendo ni jambo lingine. Lakunle anasema Baroka alizuia reli kwa kuwa anapenda anasa zake na anaogopa ustaarabu. Hiyo ni sababu ambayo Lakunle amempachika.

Baroka mwenyewe anasema nini? Wakahamia sehemu ya Usiku, ambayo nakala zake zilikuwa chache zaidi, ikabidi mmoja asome kwa sauti. Baroka anamwambia Sidi kwamba hayachukii maendeleo. Anachokichukia ni tabia yake ya kufanya mapaa yote na nyuso zote zifanane. Na chumbani kwake kuna mashine ya kutengenezea stempu, ambayo anamwahidi Sidi itabeba sura yake. Isitoshe, watumishi wake wana chama chao cha wafanyakazi na siku ile wako mapumziko. Kwa upande wa pili, huyu Lakunle anayeitwa alama ya usasa ndiye anayemwambia Sidi kwamba wanawake wana ubongo mdogo kuliko wanaume, na kwamba sayansi imethibitisha. Ile safu mbili ya kwenye notisi, Baroka mila na Lakunle usasa, ilikuwa inaporomoka mbele yao.

Nilidhani wataishia hapo, wamtangaze Baroka mshindi. Binti wa dirishani akawazuia. Akauliza Baroka anayasema haya kwa nani, na lini. Anamwambia msichana ambaye usiku uleule anataka kumlaza kitandani kwake, na ambaye tayari amemdanganya kuhusu afya yake. Naye ni shahidi mwenye shida. Wanaume wawili, kila mmoja anaeleza maendeleo ni nini, na wote wawili wanamwambia msichana mmoja kwa sababu wanamtaka. Hakuna aliyemuuliza Sidi kama angependa reli.

Sijui kama kuna uchambuzi wa kitabu hiki nilioupenda kuliko sentensi hiyo ya mwisho, iliyosemwa na mtoto wa miaka kumi na sita kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo.

Isije ikaonekana mambo yote yalikuwa laini. Dodoma ni mji wa reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914 kwa kupitia hapa. Treni ya umeme ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Mtoto akisoma juu ya reli, lazima azungumzie anayoijua. Kijana mmoja akasema shangazi yake amelea watoto kwa kuuza karanga na kuku wa kuchemsha kwenye madirisha ya treni ya zamani, na kwamba treni mpya madirisha yake hayafunguki. Akahitimisha kwamba Baroka alikuwa sahihi. Darasa likamshangilia, na kipindi kikaondoka. Ndani ya dakika tano tulikuwa tunazungumzia nauli, fidia za mashamba na nani ana ndugu anayefanya kazi stesheni.

Madam alifanya jambo nililoliona la kiualimu kweli. Hakumkatiza kwa kusema “rudi kwenye mada”. Alimuuliza, “Habari ya shangazi inathibitisha nini kuhusu Baroka?” Kijana akafikiri, akasema haithibitishi, inaonyesha tu kwamba mtu anaweza kuwa na sababu ya kuikataa reli bila kuwa mjinga. Hilo likaandikwa ubaoni. Shangazi alitusaidia kupata swali: reli inayopita na reli inayosimama, ipi ndiyo maendeleo? Ushahidi bado ulitakiwa utoke kitabuni, na kitabuni Lakunle anaongelea reli kana kwamba kupita kwake peke yake kunatosha.

Wiki iliyofuata hali ilikuwa mbaya. Watoto walikuwa wamegundua kwamba swali linasimamisha imla, wakaanza kuuliza ili kuisimamisha. Kwa nini Soyinka hakuandika kwa Kiyoruba? Je, Sadiku alikuwa mchawi? Baroka alikuwa na wake wangapi hasa? Kipindi kizima kiliisha bila kitu. Nililalamika kuliko Madam. Yeye alirudi kwenye sheria yake, ukurasa gani na nani anasema, na maswali mengi yakafa yenyewe kwa kukosa ukurasa. Yaliyobaki yalikuwa machache na yalistahili kubaki. Lile la Sadiku, kwa mfano, likageuka kuwa swali zuri: kwa nini mke mkubwa ndiye anayecheza kwa furaha anapoambiwa nguvu za mumewe zimekwisha?

Mwalimu wa taaluma alikuja na daftari lake. Mkondo wa A umeshaanza kitabu kinachofuata, B bado wako Ilujinle. Maneno yake yalikuwa ya haki. Vipindi vilivyokwenda haviwezi kurudi, na mtihani haumuulizi mtoto alijadili nini. Madam aliahidi kufidia Jumamosi, na alifidia.

Halafu ukaja mtihani wa muhula, ambao sisi walimu wawili tunabadilishana madarasa kusahihisha. Insha ya binti wa dirishani iliniangukia mimi. Hoja yake moja ilisema, kwa Kiingereza chenye makosa, kwamba tusimwamini Lakunle moja kwa moja kuhusu reli kwa sababu ana wivu. Mpango wa kusahihisha ulikuwa na ile hoja ya zamani: Baroka anapinga maendeleo, mfano reli. Kwa mpango huo, hoja yake ilikuwa kinyume na jibu.

Nilimpa nusu ya alama. Hoja nilikubaliana nayo. Nilichokata ni ushahidi: hakutaja kwamba Lakunle alisikia kwa baba yake, hakutaja ile ndoto ya wake wengi. Aliandika hitimisho akaacha njia aliyopitia kufika hapo. Darasani alikuwa ameieleza njia yote, kwa Kiswahili. Kwenye karatasi, kwa Kiingereza, alikuwa na maneno ya kutosha kwa hitimisho tu. Madam alisema nimeminya. Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga ofisi, na alama sikuibadilisha. Mtahini wa taifa hatakuwa amekaa nyuma ya darasa kusikia mjadala. Atakuwa na karatasi. Mtoto anayekwenda kinyume na kitini anatakiwa kubeba ushahidi mwingi kuliko anayekifuata. Ni uonevu, lakini ni bora aujue akiwa kidato cha tatu. Madam bado hakubaliani nami, na yeye ndiye anayewajua.

Tulichokubaliana ni kidogo. Tumechukua notisi zetu za zamani za kitabu kile, na mbele ya kila hoja tunaandika kwa kalamu nyekundu jina la mhusika aliyesema na sehemu aliyosema. Hoja ya kwanza sasa inasomeka: Baroka anapinga maendeleo (Lakunle, Mchana, alisikia kwa baba yake). Chini yake: hachukii maendeleo, anachukia kufanana (Baroka, Usiku, akimtongoza Sidi). Hoja mbili tumezifuta kabisa, kwa sababu tulitafuta kitabu kizima na hatukumpata mtu aliyezisema. Tumemaliza sehemu ya Mchana. Asubuhi imebaki, na mwalimu wa taaluma ametuomba tuharakishe, kwa kuwa na wa kidato cha nne wameanza kuziulizia.